Safari ya Sydney: Dansi Inayoanza kwa Kuomba Ruhusa

Mwezi wa Juni mwaka 2025 nilisafiri kutoka Dar es Salaam kupitia Doha hadi Sydney, nikiwa na nia ya kuona kwa macho yangu namna wenyeji wa asili wa Australia, yaani Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait, wanavyotunga dansi ya kisasa kutokana na urithi wa mababu zao. Kazi yangu ni kufundisha ngoma, na kwa miaka mingi nimeona ngoma ya kijijini ikichukuliwa, ikafupishwa, ikavikwa sare na kupandishwa jukwaani mjini bila wenye ngoma kupewa hata taarifa. Nilikuwa nimesikia kwamba kule wapo wasanii waliojiwekea utaratibu mwingine, ambao ndani yake mzee wa ukoo ni mshirika katika utunzi, na akikataa jambo, jambo hilo halichezwi. Hilo ndilo lililonipeleka mbali kiasi hicho.

Nilipata chumba karibu na Redfern, na ingawa nilikichagua kwa sababu ya bei, mahali hapo palinifaa kuliko nilivyotarajia, kwa maana historia niliyokuwa nikiifuata ilianzia mitaa hiyohiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Redfern ilikuwa kitovu cha harakati za Waaborijini wa mjini: walianzisha hapo huduma yao ya kisheria, zahanati yao, na ukumbi wao wa maigizo. Mwaka 1972, mwaka ambao vijana walisimika hema la maandamano mbele ya Bunge mjini Canberra wakidai haki ya ardhi, alifika nchini mcheza dansi Mmarekani mweusi, Carole Johnson, akiwa na kundi la Eleo Pomare. Johnson alianza kuwafundisha vijana wa Redfern dansi ya kisasa, na kutokana na kazi hiyo kikazaliwa chuo cha dansi cha wenyeji wa asili ambacho leo kinaitwa NAISDA. Mwaka 1989 yeye na wenzake wakaanzisha kundi la Bangarra Dance Theatre, ambalo sasa ni miongoni mwa makundi makubwa ya dansi nchini humo. Inanigusa kwamba mkono mmojawapo uliowasha moto huo ulikuwa wa mtu mwenye asili ya Afrika, ambaye hakuja na ngoma zake ili zichukue nafasi ya zile alizozikuta. Aliwapa vijana mbinu, kisha akawaelekeza kwa wazee wao.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda Walsh Bay, yalipo makao ya Bangarra. Ni maghala marefu ya mbao yaliyojengwa juu ya nguzo baharini mwanzoni mwa karne ya 20, wakati bandari ilipokuwa ikipakia sufi ya kondoo, na sasa yamegeuzwa kuwa kumbi za sanaa. Kutoka hapo niliamua kutembea kwa miguu hadi Sydney Opera House, mwendo wa nusu saa hivi kwa anayetazama huku na huko, na njia hiyo ikawa somo kamili. Chini ya daraja kubwa la bandari ipo rasi iitwayo Dawes Point, ambayo jina lake la asili ni Tar-ra. Hapo luteni Mwingereza William Dawes alikuwa na kituo chake cha kutazama nyota, na hapo msichana mmoja wa Kiaborijini, Patyegarang, alimfundisha lugha ya watu wa pwani hiyo. Daftari alimoandika maneno na mazungumzo yao zimehifadhiwa katika maktaba ya SOAS mjini London, maktaba ileile inayohifadhi miswada mingi ya tenzi zetu za Kiswahili. Mwaka 2014 Bangarra walitunga dansi nzima juu ya msichana huyo, wakamweka yeye katikati ya jukwaa kama mwalimu. Ukiendelea na njia unafika Bennelong Point, mahali palipojengwa Opera House. Bennelong alikuwa mtu wa ukoo wa Wangal, aliyekamatwa kwa amri ya gavana Mwingereza Arthur Phillip mwaka 1789, akajengewa kibanda kwenye rasi hiyo, akapelekwa Uingereza mwaka 1792 na kurudi mwaka 1795. Naye alitungiwa dansi mwaka 2017, na kuna maana ya pekee katika kumwona mtu akisimuliwa kwa mwili juu ya ardhi yenye jina lake.

Kazi hizo mbili ni za Stephen Page, aliyeongoza Bangarra kuanzia mwaka 1991 hadi 2022. Asili yake ni watu wa Nunukul na Munaldjali wa kusini-mashariki mwa Queensland, lakini yeye na ndugu zake walikulia mjini Brisbane, mbali na sherehe za kale. Ndugu zake wawili, mmoja mtunzi wa muziki na mwingine mcheza dansi, walikuwa nguzo za kundi hilo, nao wamekwisha kufariki. Majina yao siyaandiki hapa, kwa sababu katika jamii nyingi za kule jina la marehemu halitajwi ovyo. Nani basi aliwapa vijana hawa wa mjini miondoko ya asili? Jibu ni Djakapurra Munyarryun, mtu wa jamii ya Yolngu kutoka Dhalinybuy huko Arnhem Land, kaskazini mwa Australia, mwimbaji na mchezaji aliyelelewa ndani ya mila. Katika kazi iitwayo Ochres ya mwaka 1994, iliyogawanywa kwa rangi nne za udongo, yaani manjano, nyeusi, nyekundu na nyeupe, yeye ndiye aliyeonekana kwanza, akijipaka udongo mwilini taratibu mbele ya watazamaji. Uhusiano huo haukuwa wa kununua ngoma na kuondoka. Wasanii wa Sydney walikwenda Arnhem Land na kurudi tena na tena, wakakaa na jamaa zake, na yeye akakaa nao mjini kama mshauri wa mila, akiwaonyesha kipi ni cha hadhara na kipi hakitoki.

Siku moja nilipanda treni ya kaskazini kutoka Central hadi Gosford. Safari inachukua muda wa saa moja na nusu hivi, na sehemu yake nzuri ni pale reli inapovuka mto Hawkesbury kisha kufuata ukingo wa maji katikati ya misitu ya mikalitusi na miamba ya mchanga. Kutoka Gosford basi hupanda mlima hadi Kariong, kilipo chuo cha NAISDA tangu mwaka 2007. Viwanja hivyo zamani vilikuwa shule ya serikali ya kuwarekebisha wavulana watukutu, na majengo ya wakati huo bado yapo. Kwa hisani ya mwenyeji wangu niliruhusiwa kukaa pembeni mwa ukumbi nikitazama, kwa sharti kwamba nisipige picha wala kurekodi sauti.

Hapo ndipo nilipoelewa utaratibu wenyewe. Wanafunzi hujifunza mbinu za dansi ya kisasa kwa ukali uleule wa chuo chochote cha dansi, lakini katika mwaka huja pia walimu wa mila kutoka jamii maalumu, na baadaye wanafunzi husafiri kwenda kwenye jamii hiyo na kuishi nayo. Ngoma haifundishwi na mtu aliyeisoma kitabuni. Inafundishwa na mwenye nayo, au na mtu aliyepewa idhini na mwenye nayo, na jina la kisiwa au la ukoo hutangulia kila inapotajwa. Siku niliyokuwapo, zamu ilikuwa ya Visiwa vya Torres Strait. Wachezaji walishika mikononi kulap, mbegu kubwa ngumu zilizofungwa pamoja, zinazolia kwa kila mtikiso wa mkono, na pembeni ilipigwa warup, ngoma ya mbao yenye kiuno chembamba, iliyowambwa ngozi ya kenge. Mtu aliyewahi kuisikia engalabi ya Uganda, ambayo nayo huwambwa ngozi ya kenge, atautambua mlio huo mkavu mara moja. Magoti yalikunjwa chini sana, kishindo cha mguu kikafika sakafuni kabla ya mkono kwenda, na mwalimu alisimamisha darasa zima kwa sababu kijana mmoja aligeuza kichwa mapema. Alieleza kwamba kichwa kile kinamfuata ndege, na ndege hageuki kabla upepo haujamfikia. Kwa mtazamo wangu sahihisho hilo dogo lilikuwa na elimu kubwa: mwondoko una sababu, na msanii akiifahamu sababu anaweza kuurefusha, kuupunguza kasi au kuutupa hewani bila kuuvunja, ilhali asiyeifahamu anabaki na umbo tupu.

Nilimuuliza mwenyeji wangu kinachotokea wakati mtunzi kijana anapotaka kulipeleka jambo la kisiwani kwenye jukwaa la kisasa. Alinieleza kwa utulivu hatua ambazo kwao ni za kawaida. Kwanza unakwenda kwa familia yenye hadithi, si kwa familia yoyote, na unakwenda mwenyewe. Unaeleza utakachofanya, nani atacheza, nani atatazama na fedha itakwenda wapi. Unaporudi na rasimu unaionyesha, na kabla ya onyesho la kwanza unaionyesha tena. Ruhusa inayotolewa ni ya kazi hiyo tu, na kuitumia kwingine kunahitaji kuomba upya. Wanasheria wa Kiaborijini, mashuhuri kati yao akiwa Terri Janke, wamefanya kazi ya miaka mingi kuandika kanuni za namna hii, kwa kuwa sheria ya kawaida ya hakimiliki humlinda mtunzi mmoja na kwa muda fulani tu, wakati urithi wa aina hii ni wa ukoo mzima na hauna tarehe ya kuisha.

Wakati wa kushuka tulipitia Bulgandry, kwenye njia ya kwenda Woy Woy, ambako maumbo ya mtu, kangaruu na mtumbwi yamechongwa juu ya mwamba ulio tambarare. Hatukukaa sana kwa kuwa jua la Juni kule huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha mistari hiyo vizuri.

Onyesho nililolisubiri lilikuwa Illume, kazi mpya ya Bangarra, ndani ya Opera House. Limetungwa na Frances Rings, mwanamke wa asili ya Wirangu na Mirning aliyeingia Bangarra kama mchezaji katika miaka ya 1990 na kuushika uongozi wa kisanaa mwaka 2023, akishirikiana na Darrell Sibosado, msanii wa Kibard kutoka Lombadina, kwenye rasi ya Dampier huko Australia Magharibi. Sibosado si mcheza dansi. Yeye ni mchongaji, na mizizi ya kazi yake ni riji, kombe la chaza lililochongwa mistari na kujazwa udongo mwekundu, ambalo wanaume waliopita jandoni huvaa kiunoni. Makombe hayo yalisafiri kwa mabadilishano kutoka pwani hiyo hadi katikati ya jangwa, kwa watu ambao hawakuwahi kuiona bahari. Sibosado ameikuza michoro hiyo kwa chuma na taa za umeme, na jukwaani mistari yake iliwaka juu ya wachezaji na kuwazunguka, hata ikawa vigumu kujua kama mwanga unawafuata wao au wao wanaufuata mwanga.

Kabla ya yote msemaji aliwatambua Wagadigal, wenye ardhi tuliyoikalia. Kisha giza likaingia, na kwa zaidi ya saa moja sikuweza kuondoa macho. Wachezaji walisogea karibu sana na sakafu, migongo ikipinda pamoja kama kwamba pumzi ni moja, halafu kundi likatawanyika ghafla na kuacha mwili mmoja katikati ya mng'ao unaofanana na upande wa ndani wa kombe. Zipo sehemu za furaha, na zipo sehemu nzito, hasa pale mwanga wa asili, wa nyota na wa bahari, unapomezwa na mwanga wa viwandani hata mbingu ikapotea. Kwa watu wanaosoma majira na hadithi zao angani, upotevu huo ni sawa na kuchomewa maktaba. Niliona pia kwamba dansi haikujaribu kueleza kila kitu. Baadhi ya michoro ilipita bila maelezo, na watazamaji tukabaki nje ya maana yake kwa heshima. Nadhani uamuzi huo ulitoka Lombadina, na naona ulikuwa sahihi.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiifikiria sindimba ya Wamakonde. Katika miaka ya 1960, Kikundi cha Ngoma cha Taifa kilipoichukua kutoka kusini na kuiweka jukwaani Dar es Salaam, ilipata sifa nyingi na lawama nyingi, watu wakabishana juu ya kiuno na adabu, lakini sauti za wenyewe hazikusikika sana katika ubishi huo. Kikundi ninachofanya nacho kazi Bagamoyo kilikuwa kimeanza kutunga dansi mpya yenye mizizi katika ngoma hiyo. Nilipowasimulia wenzangu niliyoyaona tulisimamisha mazoezi, tukasafiri hadi kijiji kimoja cha Newala, tukakaa barazani na wazee na kina mama tukiwa na maswali yaleyale: nani atacheza, nani atatazama, fedha itakwenda wapi.

Walitusikiliza kwa muda mrefu, na jibu lilitolewa na kina mama. Hatua za miguu na mapigo ya ngoma walituruhusu tuyatumie, mradi jina la kijiji liandikwe pamoja na majina ya watunzi. Sehemu inayohusu unyago walisema haitoki, na tumeiondoa, hivyo kazi imekuwa fupi kuliko tulivyopanga. Bibi mmoja, mpigaji hodari, amekubali kuja Bagamoyo kutusahihisha, na atafika mavuno ya korosho yakishamalizika.