Mizunguko mitano pale Pugu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa kidato cha pili Pugu Sekondari, bweni, na waliopita pale wanazijua asubuhi zake, kengele inalia giza bado nene halafu mchakamchaka, mnashuka mpaka barabarani mnarudi kupandisha kile kilima huku mnaimba mpaka koo linakauka.

Mwalimu wetu wa michezo alikuwa na tabia moja niliyoipenda sana, kabla ya mazoezi lazima atuambie kitu. Alituambia hapahapa ndipo alipofundisha Nyerere aliporudi kutoka Edinburgh, enzi hizo shule ya wamisionari Wakatoliki inaitwa St. Francis' College, na mwaka 1955 akaacha kazi maana ilibidi achague, ualimu au TANU. Mimi mtoto wa Mbagala nilikuwa nikisikia vile nywele zinasimama kabisa.

Sasa siku ya kuchagua timu ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya wilaya akatupa habari ya Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania. Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, 1974, mita 1500. Wenzake wanasubiriana, yeye bunduki ikilia tu kashaondoka, akaongoza mwanzo mwisho, dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia! John Walker wa New Zealand aliyekuja wa pili naye alikuwa ndani ya rekodi ya zamani, lakini hakumpata. Nikasema moyoni leo nakimbia hivyohivyo.

Uwanja wetu ulichorwa kwa majivu, mizunguko mitano ndo 1500 yenyewe, tulikuwa kumi na moja na wengi peku. Nikatoka mbio tangu mstarini, mzunguko wa kwanza nawasikia watu wa bwenini kwangu wanapiga madebe, wa pili bado niko peke yangu, wa tatu kifua kikaanza kuwaka moto na nyuma nasikia miguu, pa pa pa, ni rafiki yangu mmoja wa Singida, mrefu, yule hachoki jamani. Wa nne akanifikia begani. Sikugeuka. Wa mwisho hata sikumbuki niliupitaje, nakumbuka tu treni ya reli ya kati ilikuwa inapiga honi huko chini na mimi nakata utepe, yeye hatua moja nyuma yangu. 4:33. Wote wawili tukaandikwa kwenye timu na usiku ule hatukulala, tunapanga tukifika taifa itakuwaje.

Wiki chache baadaye likaja tangazo, michezo ya mashindano mashuleni imesimamishwa nchi nzima, watoto wasome. Mpaka leo linaniuma na sitaficha, kuna vijana wa rika letu walikuwa na miguu ya kufika mbali kweli na mlango wao ulikuwa ule mmoja.

Nilidhani mwalimu hatakuja tena uwanjani. Jioni ileile akaja, amevaa filimbi yake shingoni, saa mkononi, akatuangalia wawili sisi tumekaa kwenye nyasi, akasema nyie wanangu mnangoja nini, kaeni mstarini. Tukakimbia mitano yote bila hata mtu mmoja wa kushangilia. Nilipofika akanionyesha saa, 4:31.