Tamathali za semi na makanga wa Odeon

Siku hizi jioni nimekuwa mwalimu bila mshahara. Mpwa wangu yuko kidato cha nne na ile karatasi ya tatu ya Kiswahili, ya Fasihi, inamnyima usingizi, basi tukishakula tunatoa daftari. Daftari lenyewe la tamathali za semi, zile namna za kupamba maneno, ni safi ajabu: tashbihi, sitiari, tashihisi, chuku, tasfida, balagha, kila moja na maana yake na mfano mmoja, na mfano ndio ule ule mwalimu aliandika ubaoni. Mpe sentensi nyingine anakukodolea macho tu.

Na huyo huyo akitoka shule anaingia akisema "anti, nimekufa na njaa". Sasa hiyo si chuku jamani, kutia chumvi kabisa?

Mi naona shida ni hapo, wanafundishwa kana kwamba tamathali zinaishi kwa riwaya pekee. Nairobi hii nani hajui askari akiomba "chai" ama "kitu kidogo" anataka nini, hongo imevalishwa suti, tasfida ndiyo hiyo, neno la adabu kuficha jambo baya. Makanga pale stendi ya Odeon anaita "wawili twende!" na ndani ya matatu mko watu sita tu, hapo sijui niite chuku ama uongo mtupu.

Tashbihi na sitiari hazikutusumbua, ukiona "kama" ama "mithili ya" ushajua ni tashbihi, kitu kikiitwa kingine bila hayo ni sitiari. Kinaya na kejeli ndizo zilitutoa jasho. Nikampa hii: matatu imezima katikati ya Jogoo Road, mvua inanyesha, abiria anasema "leo tutafika mapema kweli". Amesema kinyume cha mambo yalivyo, hicho ni kinaya. Lakini akimgeukia dereva amwambie hivyo kumuumbua mbele ya watu, kuna dharau ndani, hapo kejeli imeingia, na maneno hayajabadilika hata moja. Alikaa kimya kidogo halafu akasema "kumbe inategemea nani anaambiwa", nikajua imeingia.

Msamiati nao, wacha tu. Sisi wa KCPE, ule mtihani wa darasa la nane (ulifanywa mara ya mwisho 2023), tulimeza orodha, thurea ya nyota, kisuse mwana wa nge, na insha zikaisha kwa hoihoi na nderemo hata kama ilikuwa ya ajali. Mwana wa simba ni shibli, na mbuga iko hapo tu Langata Road lakini sijawahi kupata pa kulisema. Tifu, tapwi na chubwi, zile sauti za kuanguka mchangani, topeni na majini, ndizo zimenikaa, kwa sababu tulikuwa tunaangushana uwanjani tukizipigia kelele.

Jana nikamtuma asikilize watu kwa matatu. Amerudi na "gari imekataa kuwaka". Mi nasema ni tashihisi, kitu kimepewa tabia ya mtu, gari haina moyo wa kukataa kitu. Yeye anabisha ati imezoeleka sana, hakuna mtu huwaza gari kama mtu akisema hivyo. Kesho anaipeleka kwa mwalimu wake.