Mabaka ya Usoni, Jua na Mkorogo

Mabaka ya kahawia yalinitoka mashavuni na juu ya mdomo nilipokuwa na mimba ya mtoto wangu wa pili, na nilipojifungua hayakuondoka. Madaktari wa ngozi huiita hali hii melasma. Haiumi, haiwashi wala haiambukizi, lakini kwa kuwa iko usoni, kila anayekutazama anaiona, na wengi hawasiti kukutajia dawa. Jirani yangu hapa Dar es Salaam, mwanamke mwema anayenitakia heri, aliniambia, "Mwenzangu, uso mzuri hivyo mbona unauachia? Nikuletee kikopo kimoja tu, wiki mbili utaniambia." Kikopo alichokimaanisha ni mkorogo, yaani mchanganyiko wa kujichubua ngozi, na ndicho kinachonifanya niandike.

Rangi ya ngozi hutengenezwa na seli ziitwazo melanosaiti. Kwa mwenye melasma, seli hizo huzalisha rangi kupita kiasi, zikichochewa na homoni za ujauzito au za uzazi wa mpango, hasa vidonge, na zaidi ya yote na mwanga wa jua; mara nyingi tatizo huonekana pia kwa mama, dada au shangazi. Kwa hiyo mabaka si uchafu wa kusugua. Ngozi nyeusi ikikwaruzwa au kuungua huacha doa jeusi zaidi pale ilipoumia, na ndiyo maana kupaka limau, ambalo hata peke yake linaweza kuunguza ngozi likikutana na jua, huongeza tatizo linalodaiwa kulitibu.

Daktari niliyemwendea aliniuliza kuhusu mimba zangu, njia ya uzazi wa mpango niliyotumia na kama mama yangu aliwahi kuwa na mabaka, kisha akazima taa na kunimulika usoni kwa taa maalumu ili akadirie rangi imezama kiasi gani. Iliyo juu juu hutibika kwa urahisi zaidi; iliyozama hupungua polepole na huenda isiishe. Dawa ya kwanza aliyoandika ilikuwa losheni ya kukinga jua. Wengi wetu tunaamini kwamba losheni hiyo ni ya Wazungu, na labda ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao kinga hiyo ni suala la uhai na ambao hospitali ya KCMC mjini Moshi imekuwa ikiwatengenezea losheni yao. Ngozi yetu nyeusi kweli ina kinga yake dhidi ya kuungua, lakini melasma haingoji ngozi iungue. Inachochewa hata na mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, ambao losheni nyingi zisizo na rangi hazizuii vya kutosha. Ndiyo sababu daktari alisisitiza losheni yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksidi za chuma, ambazo huzuia sehemu ya mwanga huo. Ina faida nyingine pia: losheni nyeupe za zinki huacha uso ukiwa kama umepakwa majivu, na mtu huishia kupaka kidogo mno. Kiasi kinachotosha uso na shingo ni mistari miwili ya losheni, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, na hurudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa nje. Kukaa dirishani kwenye daladala kunahesabiwa kuwa ni kuwa juani, kwa kuwa kioo cha kawaida hupitisha sehemu kubwa ya miale inayotia rangi ngozi.

Wakati nikinyonyesha nilipewa krimu ya asidi ya azelaiki, ambayo inachukuliwa kuwa salama kwa mama katika kipindi hicho. Baadaye nilipewa haidrokwinoni ya asilimia 4, dawa ya kupunguza rangi ya ngozi, ya kupaka usiku kwenye mabaka peke yake, kwa miezi michache yenye kikomo, kisha kupumzika. Haidrokwinoni hiyohiyo mara nyingi imo katika mkorogo, na hapa ndipo ninapotaka msomaji asichanganye mambo. Mimi natibu mabaka ili yarudi kwenye rangi yangu. Mkorogo hupakwa mwili mzima, kwa miaka, ili rangi yenyewe iondoke. Matumizi ya namna hiyo huweza kuacha weusi wa kibuluu mashavuni ambao ni mgumu mno kutibu. Madaktari wa Afrika Kusini waliueleza mwaka 1975, na nchi hiyo ikapiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990. Mara nyingi ndani ya kikopo mna pia steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, ambayo hufanya ngozi iwe nyembamba hata mtu ashindwe kustahimili joto la jiko, na wakati mwingine zebaki, ambayo huharibu figo na humfikia mtoto aliye tumboni. Tanzania inavikataza vipodozi vyenye viambato hivi, lakini mkorogo huchanganywa na kufungashwa bila lebo, na pasipo na lebo mnunuzi hana anachoweza kusoma.

Mashavu yangu sasa yamekaribia rangi ya uso mzima. Baka la juu ya mdomo bado lipo, na hukolea kila ninapozembea losheni msimu wa jua kali. Sitarajii liishe kabisa, na nimelikubali.

Dada unayetumia kikopo tayari, usiache ghafla ukiwa peke yako. Steroidi ikikatishwa mara moja, uso huweza kuvimba, kuwaka moto na kujaa vipele, na hapo ndipo wengi hurudi kwenye mkorogo wakidhani ndio uliokuwa ukiwaponya. Nenda kliniki ya ngozi, beba kikopo chenyewe, na mweleze daktari umekitumia kwa muda gani ili akupunguzie hatua kwa hatua.