Siku Jua Lilipogoma Kigoma

Mwaka 1998 nilikuwa darasa la sita, Ujiji, na kwa wiki moja nikashika cheo ambacho sijakipata tena: mlinzi wa ndoo ya majani.

Cheo chenyewe kilitokana na kosa. Mwalimu wa Sayansi aliuliza mti unafanya nini na hewa. Nikasimama kifua mbele, nikamwaga nilichokariri: "Mti unavuta hewa ukaa, unaigeuza kuwa oksijeni." Nikasubiri makofi.

"Nusu," akasema. Darasa zima likaangua kicheko.

Oksijeni inayotoka kwenye jani, akaeleza, haitoki kwenye hewa ukaa. Inatoka kwenye maji. Nikaona ananitania. Maji nayajua, nimeyaogelea tangu sijaota meno ya pili. Hewa imekaa wapi humo? Nikabisha mpaka kengele ikalia. Ukubwani ndipo nilipokuja kusoma kwamba hata wakubwa walibishana sana juu ya jambo hili, na kwamba mwaka 1941 kule California, Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao waliwapa mwani maji yenye oksijeni nzito kuliko ya kawaida, ili waitambue ikitoka, na oksijeni hiyo hiyo nzito ikatoka kama hewa. Mwalimu wetu hakuwa na vifaa vya California. Alikuwa na chaki.

Akachora jani. Maji yanapanda kutoka mizizini; mwanga wa jua ukiupiga ule ukijani, maji yanapasuliwa. Oksijeni inaachiwa itoke. Haidrojeni inabaki kazini, inaunganishwa na hewa ukaa, inapatikana sukari. Kisha akatupa mfano wa kwetu: "Mnadhani mchikichi unanyonya mawese ardhini? Kaboni yote iliyomo kwenye mawese ilikuwa inaelea hewani." Na hewani penyewe, katika kila sehemu 10,000, hewa ukaa ni kama nne tu! Usiku ule nilikula maharage ya mawese polepole sana.

"Na wewe kwa kuwa ni mbishi," akaniambia kesho yake, "utatunza ushahidi."

Tukashuka ziwani na ndoo, tukazoa yale majani ya majini yanayokunasa miguu ukiogelea. Tukayaweka kwenye chupa pana ya kioo iliyojaa maji, tukayafunika kwa faneli ya kumiminia mafuta ya taa (niliiosha kwa sabuni mara tatu na bado ilinuka), na juu ya mdomo wa faneli tukapindua kichupa cha dawa ya sindano kilichojaa maji. Hewa ikitoka kwenye majani itapanda, itayasukuma maji, itajikusanya juu; na kama kweli ni oksijeni, kijiti chenye kaa kikiingizwa humo kitawaka tena. Hiyo ndiyo ilikuwa mitambo yetu yote.

Ijumaa wakaja wakaguzi, na jua likagoma. Wingu lilitanda ziwani hadi milima ya Kongo ikapotea kabisa. Tulikaa tumeizunguka chupa kama tunaoaga maiti. Kiputo kimoja kilipanda. Baada ya muda mrefu, cha pili. Mkaguzi mmoja akatazama saa yake. Mwalimu akajaribu hivyo hivyo, akaingiza kijiti chenye kaa jekundu kwenye kichupa, nacho kikazimika, tsss, kwa kuwa mle ndani mlikuwa na maji matupu. Nikaambiwa niondoe vitu vyangu. Vitu *vyangu*, eti.

Jumamosi niliviweka uani kwa bibi, bila nia yoyote, ndoo tu ilikuwa nzito. Jua lilipopanda nikasikia kama naitwa. Viputo vilikuwa vinatoka kwenye majani vimefuatana kama shanga kwenye uzi! Nikakata kipande cha boksi, nikaikinga chupa na jua: shanga zikapungua, zikakoma. Nikaondoa: zikaanza tena. Nilicheza mchezo huo hadi adhuhuri, bila kujua kwamba daktari mmoja Mholanzi, Jan Ingenhousz, alishaandika habari za viputo hivyo mwaka 1779.

Alasiri kichupa kilikuwa kimejaa hewa zaidi ya nusu. Nikakiziba kwa dole gumba humo humo majini, nikakitoa, nikawasha kijiti, nikakipuliza mpaka pakabaki kaa tu, nikakiingiza. Pwa! Moto ukarudi wenyewe.

Shahidi alikuwa mmoja, bibi, anachambua dagaa kwenye ungo. Nikamrukia na maelezo yote: jua, maji, kupasuliwa, na kwamba giza likiingia kazi hiyo inasimama, mti unabaki kupumua tu kama sisi.

"Kwa hiyo usiku mti hautoi hewa nzuri?"

"Hautoi, bibi."

"Na yenyewe unaivuta?"

"Kidogo."

"Si ndivyo nilivyokwambia siku zote? Usiku usilale chini ya mwembe." Akarudi kwenye dagaa wake.

Leo ningemjibu kwamba kidogo hicho hakimdhuru mtu, kwamba sisi wajukuu sita tuliorundikana chumbani kwake tulikuwa tunaimaliza hewa kuliko mwembe. Siku ile sikuwa na jibu. Nilibaki nimeshika kijiti.

"Na hicho kizime," akasema bila kuinua macho. "Mafuta ya taa yako hapo nyuma yako."