Nimebaki na upanga wa kivita wa Kijapani, ila bapa, kile chuma chenye makali, halipo

Naandika hii kwa sababu nimechoka. Kila nikisema nakusanya vitu vya jeshi la zamani la Japani lazima atokee mtu aniambie "kaka anza na upanga, upanga ndo mali". Wengi wao wako Marekani, na huko sawa, upanga aliorudi nao babu wa mtu kutoka vitani 1945 unauzwa mezani tu kama sufuria. Mimi naishi Aichi, hapahapa Japani, na huku upanga una sheria zake bwana.

Mi nilianza na vikombe vya sake, pombe ya mchele ya huku, na sijutii. Zamani askari akimaliza utumishi wake vinaagizwa vikombe vidogo vya kauri wagawiwe ndugu na majirani, ndani kuna nyota kama ni jeshi la nchi kavu, nanga kama ni la majini, bendera, maua ya cheri, na mara nyingi namba ya kikosi na jina la ukoo la mwenyewe. Gulio la hekalu la Osu Kannon pale Nagoya ni kila tarehe 18 na 28, kikombe unapata kwa yeni elfu moja na kitu, mbili, inategemea muuzaji kaamkaje. Simu haisomi vizuri yale maandishi ya brashi, kwahiyo nikakariri namba moja mpaka kumi na alama chache tu, ya askari wa miguu, ya farasi, ya mizinga. Basi. Muuzaji kamwaga vyote kwenye boksi moja bei moja, mi nachambua kimya kimya natoka na cha majini ambacho si rahisi kukikuta, yeye anadhani mgeni kapenda rangi. Ukikuta mwaka wa Showa, yaani wa kalenda ya kifalme ya huku, jumlisha 1925, yaani Showa 14 ni 1939, imeisha hiyo. Na kama dhahabu ya ukingoni haijafifia hata kidogo na picha zote ziko sawasawa kama zimechapwa na mashine, kirudishe, cha bandia hicho.

(Babu yangu alikuwa keya, askari wa KAR wa Mwingereza, alipelekwa Bama (Burma) 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akarudi na homa tu. Kwahiyo msiniulize kama nimerithi kitu.)

Sasa huo upanga. Mke wangu ni wa huku, mjomba wake alikuwa anabomoa stoo ya marehemu baba yake, tukakuta umefungwa kitambaa juu ya dari. Ala ya chuma ina pete moja ya kuning'inizia, ule mtindo wa maofisa unaoitwa Aina ya 98, ulioanza 1938. Mjomba akaingiwa na woga, akasema ukiutaka chukua wewe ila mambo ya polisi uyamalize wewe. Nikamwambia mjomba usiwe na wasi.

Ukikuta upanga hauna karatasi unapiga simu polisi wa eneo lako kwanza, usiutie kwenye gari ukaanza kuzurura nao. Wanakuandikia cheti kwamba umegundulika, alafu unasubiri siku ya ukaguzi ya mkoa, mikoa mingi ni idara ya elimu, ndiyo, watu wa elimu, mi mwenyewe nilicheka, na unalipa yeni elfu sita na kitu. Wanachosajili ni upanga uliofuliwa kwa njia ya asili, kama kazi ya sanaa. Wa kiwandani hausajiliwi hata kama una hadithi ndefu kiasi gani. Ndo maana wale wa Marekani wanaosema "agiza huku ni rahisi" wananikera, utakwama forodhani na hela imeshakwenda.

Mi nilishajua jibu kabla ya ukaguzi. Nilisukuma kile kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini kwa ncha ya kijiti cha kulia wali, mpini ukatoka, kwenye mkia wa bapa, ile sehemu inayoingia ndani ya mpini, nikaona kimhuri kidogo cha Seki. Seki iko Gifu, jirani tu na hapa, wakati wa vita walitengeneza panga za jeshi kwa wingi wa kutisha, na vile vimhuri kwa kawaida viko kwenye zile ambazo si za njia ya asili. Nikasema huyu haponi. Usiku uleule nikachukua karatasi ngumu ya boksi la jiko la wali, nikalaza bapa, nikachora umbo lote na penseli pamoja na mkia, na tundu la kijiti nikalitia alama. Mke wangu ananiangalia tu.

Siku ya ukaguzi mzee mmoja akaangalia mkia, akamwonyesha mwenzake, wakatikisa kichwa kwa adabu. Bapa likarudi polisi kuharibiwa. Lakini ala, mpini, na tsuba, kile kisahani kinachokinga mkono, hivyo si silaha, unaruhusiwa kubaki navyo, na wengi hawajui wanasalimisha vyote! Mpini wenyewe chini ya kamba una ngozi ya taa, samaki yuleyule wa kwetu Tanga, vipele vyake vimekaa safi kabisa.

Wajapani wana desturi ya kuchonga bapa la mbao la kushikilia vile vifaa visitawanyike, wanaliita tsunagi. Jamaa yangu fundi magari akanipa kipande cha mti wa sugi, eti mti ni mti. Nikachonga kwa ile ramani ya boksi, kikaingia kwenye ala mpaka mwisho, raha mustarehe, picha nikapiga. Mwezi wa sita mvua zikaanza, mbao ikavimba ndani ya ala, haitoki. Fundi magari huyohuyo akataka tuivute kwa koleo, nikamfukuza. Nikaiweka chumbani nikafunga mlango nikawasha kiyoyozi ile sehemu ya kukausha hewa, siku kadhaa mchana na usiku, mke analalamikia bili ya umeme, mpaka asubuhi moja nikaivuta kwa vidole viwili ikaja yenyewe. Ya pili nikachonga kwa honoki, mti wanaotumia wenyewe kwa ala, unapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kwa hela ndogo, na nikaacha nafasi kidogo pembeni. Imepita misimu ya mvua na bado inatoka kama imepakwa mafuta. Mjomba alipokuja akaushika akasema ni uleule, nikamwambia mjomba, hata samaki huu haukati.

Kilichobaki ni kishungi cha mpinini. Rangi ya bluu na kahawia ni ya maofisa wa chini mpaka kapteni, nyekundu na kahawia ni kuanzia meja, sasa wauzaji wanakubandikia chochote chenye rangi kali bei ya jenerali. Nikikipata cha bluu kilichopauka nachukua, kwahiyo kama uko Osu tarehe 28 ukakiona kabla yangu niachie, mi nafika mapema na hela taslimu.