Alili kwenye naitrojeni, alili kwenye pete

Karafuu zinazoshuka kutoka Muheza zinanukia kwa sababu ya yujenoli, fenoli ambayo pete yake ya benzini imebeba kundi la alili: CH2=CH–CH2–. Mkarafuu umeliweka alili moja kwa moja kwenye kaboni ya pete. Ukitaka kufanya vivyo hivyo kwa anilini (pete ya benzini yenye kundi la naitrojeni, NH2), mambo hayaendi kirahisi. Alili hukimbilia naitrojeni kwanza, na kulihamisha kutoka pale ni shughuli.

Tuanze na lile la naitrojeni. Anilini ya dukani mara nyingi ni ya kahawia kwa kuoksidishwa na hewa, kwa hiyo ikeneke upya pamoja na unga kidogo wa zinki, kwa shinikizo la chini. Chukua gramu 28 za anilini (mole 0.3), potasiamu kabonati gramu 13.8, na asetonitraili mililita 80. Koroga, kisha dondoshea gramu 12.1 za alili bromidi (mole 0.1) kwa muda wa saa moja, halafu pasha joto la 50 hadi 60 °C kwa saa nne hivi. Mtu atauliza kwa nini anilini mara tatu. Ni kwa sababu N-alilianilini (anilini yenye alili kwenye naitrojeni, N) inayozaliwa ina naitrojeni yenye hamu ya alili kuliko anilini yenyewe. Ukiweka mole kwa mole utapata mchanganyiko uliojaa N,N-dialilianilini, yenye alili mbili kwenye naitrojeni. Anilini inayobaki haipotei, utaikeneka na kuitumia tena.

Kabonati iliyoachwa wazi kwenye unyevu wa pwani hugandamana kuwa mabonge na kufanya kazi kivivu. Isage, ikaushe kwenye oveni kwa 120 °C usiku kucha. Jambo la pili ni kiyeyushi cha kutenganishia. Vitabu vingi vinataka itha, ambayo huchemka kwa 34.6 °C. Tanga mchana wa Februari, na maji ya bomba yakiwa vuguvugu, kondensa haiwezi kuishika. Nusu yake itaishia hewani, na mvuke wake unalipuka. Tumia ethili asetati. Osha na maji, kisha maji ya chumvi, kausha kwa sodiamu salfeti, keneka. Kwa shinikizo la takriban milimita 12 za zebaki, anilini hutoka kwanza karibu na 70 °C na N-alilianilini karibu na 105 °C. Dialili hufuata baadaye, usiikimbilie.

Usalama hauna mjadala. Alili bromidi huwaka moto hata ikiwa baridi, na huyatoa macho machozi kabla hujasoma lebo. Anilini hupenya ngozi na kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni. Midomo ikigeuka ya bluu, mtu apelekwe hospitali mara moja. Glavu, na kabati la kufyonza moshi linalofyonza kweli.

Sasa uhamisho wenyewe. Mkemia Mjerumani Ludwig Claisen alionyesha mwaka 1912 kwamba alili iliyofungwa kwenye oksijeni ya fenoli huhamia kwenye pete kwa joto tu, karibu na 200 °C. Kwa naitrojeni, kifungo si waja leo waondoka leo. Joto tupu linalohitajika hupanda sana, na kabla alili haijahama, sehemu ya mchanganyiko hurudi kuwa anilini na nyingine huwa lami. Dawa yake ni asidi ya Lewis (kitu kinachopokea jozi ya elektroni), ambayo hujishikiza kwenye naitrojeni na kushusha kizingiti. Zinki kloridi kwenye zailini inayochemka, karibu na 140 °C, hutosha: mole kwa mole, yaani gramu 13.3 za N-alilianilini kwa gramu 13.6 za zinki kloridi. Hiyo chumvi hunywa maji kwa pupa, kwa hiyo iyeyushe kwa moto kwenye bakuli la kauri hadi itulie, ipoe kwenye desiketa (chombo cha kukaushia kilichofungwa), uisage upesi.

Wengi huharibikiwa mwishoni. Zao, 2-alilianilini (alili kwenye kaboni ya pete iliyo jirani na ile ya naitrojeni), linabaki limefungwa na zinki, na ukimimina soda (sodiamu haidroksidi) kidogo tu, unapata ute mweupe wa zinki haidroksidi unaokwamisha faneli yote. Usichuje. Ongeza soda kali, mililita 100 za 20%, hadi ute uyeyuke wenyewe. Ndipo tabaka la juu litengane. Kuacha mchanganyiko kwenye moto kupita kiasi nako kuna adhabu: 2-alilianilini hujikunja na kuwa 2-methilindolini.

Kutofautisha alili la kwenye N na la kwenye pete, kiwango cha kuchemka hakisaidii, vimekaribiana mno. Tumia safu ya silika (kromatografia) yenye triethilamini kidogo ili kuvitenganisha. Kama huna mashine ya infraredi, tone moja la sampuli kwenye asidi hidrokloriki, barafu na chumvi (barafu ya wauza samaki inafaa), sodiamu naitraiti, kisha 2-naftoli kwenye soda. Rangi nyekundu ni dalili ya 2-alilianilini (anilini iliyobaki nayo huitoa). Mafuta ya njano ni nitrosamini ya ile ya N, na nitrosamini nyingi husababisha saratani, basi fanya kwa tone tu. Kwenye infraredi, amini ya kwanza (naitrojeni yenye H mbili, kama 2-alilianilini) ina mistari miwili ya N–H karibu na 3400 cm⁻¹, ya pili (yenye H moja, kama N-alilianilini) ina mmoja.

Mahali pa alili ndipo panapoamua utapata nini. 2-alilianilini pamoja na paladi (II), kwa njia aliyoionyesha mkemia wa Marekani Louis Hegedus miaka ya 1970, naitrojeni hushambulia kifungo maradufu na kutoa 2-methilindoli. Ukichukua N-alili-2-iodoanilini, ukaweka paladi asetati, sodiamu kabonati na chumvi ya tetrabutiliamoniamu kwenye DMF (kiyeyushi dimethilifomamidi), pete hufungika upande wa pili hata kwa joto la kawaida la chumba, na unapata 3-methilindoli. Hiyo ndiyo skatoli, yenye harufu ya kinyesi ikiwa nyingi, ingawa ikiwa kidogo sana watengeneza manukato huitafuta. Pua haitakudanganya, lakini thibitisha kwa kiwango cha kuyeyuka: skatoli ni karibu na 95 °C, ile ya 2-methili ni chini ya 60.