Usukani wa gemu uliokuwa ukicheza wenyewe, na nilivyoutuliza

Usukani wangu ulikuwa na tabia moja. Gari likishika kilomita 200 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka, nikilegeza mikono tu, unaanza kucheza: kushoto kidogo, kulia kidogo, kisha kila safari unaongeza mpaka meza inagonga ukuta. Hapa Isevya, Tabora, nyumba zimepakana, na jirani alishauliza usiku tunapigilia misumari ya nini.

Ni usukani wa gia, yaani mota iliyo ndani yake huusukuma kupitia meno ya gia, siyo wa mkanda wala ule ambao mota imefungwa moja kwa moja kwenye mhimili. Niliununua Dar ukiwa umetumika, ukaja kwa basi. Mdogo wangu alipouona ukijirusha hivyo akatoa hukumu papo hapo: "Kaka, umepigwa. Huo mbovu." Wengine wakasingizia umeme, kwa sababu mtaani kwetu kila kinachoharibika ni umeme. Lakini adapta yake imeandikwa volti 100 hadi 240, na usukani haukuwa na shida yoyote kwenye kona. Shida ilikuwa kwenye nyoofu tu.

Aliyenifungua macho ni mjomba, fundi wa magari ambaye hajawahi kucheza gemu maishani. Alipita Jumapili kunisalimia, akanikuta nahangaika. Nikamwamkia, nikamwonyesha. Akatazama ukicheza, halafu akaugusa kwa vidole viwili tu. Ukatulia. Akaviondoa, ukaanza tena.

"Huu mzima, mjomba," akaniambia. "Ila hauna kitu cha kuuzuia. Gari la kweli lina tairi zinasugua lami, lina stelingi boksi ina mafuta ndani, vyote vinakula mtikisiko. Huu wako unasukumwa tu."

Kwenye gemu, kompyuta inasoma usukani uko wapi, inakokotoa tairi za mbele zinavuta upande gani, halafu inaiambia mota isukume kurudi katikati. Assetto Corsa, gemu la mbio za magari ninalocheza, hufanya hesabu hiyo mara 333 kwa sekunde, lakini bado amri inachelewa kidogo kufika na mota nayo inachelewa kuitikia. Agizo la "rudi kulia" linapofika, usukani umeshapita katikati na unaelekea huko huko kulia. Kwa hiyo badala ya kuuzuia, mota inausindikiza. Kasi ikiwa kubwa, nguvu ya tairi kujinyoosha huwa kubwa pia, ndiyo maana kwenye kona za polepole hukioni kitu. Mikono ikiwepo, misuli inaimeza ile ziada. Ikiondoka, hakuna wa kuimeza. Yaani dawa ni mbili tu: punguza ucheleweshaji, au weka kitu kinachofanya kazi ya vile vidole viwili vya mjomba.

Uwanja wangu wa majaribio ulikuwa Nordschleife, njia ya mbio za magari ya Ujerumani iliyomo kwenye gemu, kwenye nyoofu ya Döttinger Höhe yenye zaidi ya kilomita mbili. Gari lile lile, kasi ile ile, mikono nje. Na nilibadilisha kitu kimoja kimoja. Ukigusa vitano kwa mpigo hutajua kipi kilichoponya.

Kilicholeta tofauti kubwa kuliko vyote ni minimamu fosi, yaani kiwango cha chini cha nguvu kwenye mipangilio ya gemu. Kazi ya kipimo hiki ni kuinua nguvu ndogo ndogo ili zisipotelee ndani ya msuguano wa gia, na kwa usukani wa aina yangu kinahitajika kweli. Lakini kikizidi, hakuna tena nguvu ndogo karibu na katikati: ni kupigwa kofi kushoto, kofi kulia. Nilikuwa natumia mipangilio niliyopewa na mwenyewe wa zamani, na alikuwa amekipandisha sana. Nikakishusha taratibu mpaka mgongano wa gia pale katikati ukakoma, nikaacha hapo. Kukiweka sifuri sikupenda, usukani unakuwa mfu katikati.

Halafu filta, mpangilio mwingine wa gemu. Jina lake linadanganya. Unadhani ukiipandisha itasafisha mtikisiko. Inalainisha, ndiyo, ila kwa kuchelewesha, na ucheleweshaji ndio ugonjwa wenyewe. Nikaiondoa yote. Nguvu ya jumla nayo niliipunguza kidogo.

Kwenye kuongeza ukinzani, Assetto Corsa Competizione, gemu lililofuata la jina hilo, inarahisisha: kuna kitelezi cha dampingi, yaani huo ukinzani, palepale kwenye menyu. Kwa Assetto Corsa ya kwanza nilifungua faili la assetto_corsa.ini ndani ya folda ya system/cfg, nikatafuta mstari wa ENABLE_GYRO, nikaandika 1 badala ya 0. Huo unaleta uzito ambao tairi za mbele huwa nao zikizunguka kasi, na uzito huo haupendi usukani kugeukageuka ovyo. Naupendelea kuliko dampingi nyingi, kwa sababu dampingi ikizidi usukani unakuwa kama unakoroga ugali: gari likiteleza nyuma, unachelewa kulikamata.

Baada ya hapo ulibaki mtikisiko uliokuwa ukija na kuondoka, na huo ulinisumbua kichwa. Ulikuja mchana zaidi kuliko usiku. Ilikuwa Oktoba, na Tabora ya Oktoba inajulikana kwa joto lake. Laptopu ikichemka inajipunguza mwendo, na nikiwa nimejaza wapinzani kwenye mbio, gemu lilionya kwamba prosesa imelemewa. Hesabu zikichelewa, na nguvu inachelewa. Nikapunguza wapinzani, nikainua laptopu juu ya vipande viwili vya mbao na kuielekezea feni. Waya wa usukani nikauchomeka kwenye kompyuta yenyewe badala ya kupitia kigawanyio cha USB kilichojaa kipanya, kibodi na chaja ya simu.

Meza ilibaki ya mwisho. Ile ya awali ilikuwa ya ubao mwepesi, kibano cha usukani kimeung'ata mpaka kuacha alama za meno, na ukiusukuma usukani ubao unapinda na kurudi. Seremala wa jirani akanitengenezea nyingine ya mninga, miguu minene. Sasa hata usukani ukijitikisa, meza haiusaidii.

Nikiachia mikono leo pale Döttinger Höhe, usukani unatikisika kidogo kisha unatulia wenyewe. Kidogo hicho nimekiacha, kwa sababu kukimaliza ningelazimika kuua na hisia za barabara, na ndizo nilizonunulia usukani. Magari yanatofautiana, lenye usukani mzito nalipunguzia nguvu peke yake nikiwa barabarani, kwa vitufe vya kujumlisha na kutoa vilivyo upande wa namba kwenye kibodi.